Kukaa na mtoto mmoja mwenye mahitaji maalumu: namna ya kumsaidia bila kumfanyia

Nianze na kosa langu mwenyewe usije ukadhani naandika hapa kama mtaalamu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mtoto wa darasa la kwanza mwenye mtindio wa ubongo, sio mkali sana, mkono wa kulia unakaza na maneno yanatoka kwa taabu ila akili anayo, na shule nzima walikuwa wanamwita Bosi kwa jinsi alivyokuwa anaingia darasani, taratibu, kichwa juu, kama mtu amekuja kukagua mradi. Kazi yangu ilikuwa kukaa naye yeye tu, ndani ya darasa la watoto tisini na kitu. Basi nikawa namshika mkono tunaandika wote, a a a, mstari mzima, b b b, mstari mzima. Daftari likapendeza mpaka mama yake akawa analionyesha kanisani. Muhula wa pili nikapata msiba nikasafiri wiki mbili, dada aliyenishikia nafasi akanipigia siku ya tatu, ananiuliza, mwalimu samahani, huyu mtoto nikimpa penseli haandiki, ananyoosha mkono hewani alafu anangoja, ndo nini?

Hapo ndo nikajua nilichofanya muhula mzima. Nilikuwa nimemfundisha kungoja mkono wangu. Yale maandishi mazuri yote yalikuwa ya kwangu.

Kwahiyo ukiona mahali humu nasisitiza sana usimfanyie, usimshikie, ngoja kwanza, ujue natoka huko. Sio wote tumepita Chuo cha Patandi, kile cha walimu wa elimu maalumu, wengi wetu tunaofanya hii kazi ya mmoja kwa mmoja ni wa kujitolea, au mzazi amekulipa mwenyewe, au ni dada wa nyumbani aliyeambiwa tu we nenda ukae nae shuleni. Nawaandikia hao.

Wiki ya kwanza usifundishe

Najua mwalimu mkuu atapita dirishani akukute umekaa tu, mwambie unapima. Unaangalia anapenda nini, anaogopa nini, mkono upi unatangulia kushika kitu, saa ngapi anachoka, akitaka kitu anakiombaje, je anakuvuta nguo, analia, anakitazama tu? Andika kwenye kadaftari kadogo, usitegemee kichwa.

Alafu masikio na macho kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto anaitwa mkaidi hasikii, kumbe ni kweli hasikii. Kile kipimo chetu cha kumpigia makofi nyuma ya kichwa hakitoshi, anaweza akageuka kwa kishindo cha makofi au kwa kuona wenzake wamegeuka, na bado akawa hazipati s na f na t zilizoko ndani ya maneno. Sikio linanuka au linatoa usaha, aende hospitali kabla ya silabi. Na watoto wenye Down (Down syndrome, wale wanaozaliwa na kromosomu moja ya ziada) wengi wana shida ya kusikia juu ya yale mengine, ukiona anakutazama sana mdomo ndo sababu, usiongee umeinamia daftari.

Macho pia. Mtoto mwenye ualbino shida yake darasani mara nyingi ni uoni hafifu, macho yanacheza cheza na mwanga unamuumiza, akili haina shida yoyote. Huyu hata hahitaji mtu wa kukaa naye siku nzima, anahitaji kiti cha mbele kisichotazamana na dirisha, ruhusa ya kuinuka kwenda mpaka ubaoni puani kabisa kusoma, ruhusa ya kukaa na kofia yake ndani, ruhusa ya kushika kitabu karibu na uso bila mtu kumwambia utaharibu macho, na rafiki wa kumsomea kilichoandikwa ubaoni. Nimewahi kukuta mtoto wa hivyo kawekwa kitengo cha ulemavu wa akili kisa hanakili ubao. Mwaka mzima yupo huko anapanga vibloku!

Kama ana ripoti ya hospitali isome, ila jina la hali yake halitakwambia ufanye nini Jumatatu saa mbili asubuhi. Nimekaa na watoto wawili wenye usonji (autism), mmoja haongei kabisa, mwingine anatangaza mpira kutwa nzima na sauti ya mtangazaji wa redio kabisa, ila ukimuuliza unataka maji? na yeye anakujibu "unataka maji". Nikadhani ananiiga kwa dharau. Kumbe ndo anaomba hivyo. Na kwenye Kiswahili hili linauma zaidi mana ule u wa "unataka" umeshonwa humo humo ndani ya neno, kwake neno zima ndo jina la kupata maji. Dawa yake ni kuacha kumuuliza, unashika kikombe unasema wewe kwa niaba yake, "nataka maji", unampa. Atakachorudia ndo atakachotumia kesho. Wiki kadhaa akawa anasema "nataka maji", alafu siku moja akasema "nataka goli". Sawa tu.

Pa kukaa

Chumba mara nyingi hamna. Tafuta kona, stoo ya vitabu, varanda, chini ya mwembe (mwembe ni mzuri mpaka msimu wa maembe, hapo hakuna atakayesoma). Popote mtakapokaa mlango uwe wazi na watu wawaone, hiyo inamlinda mtoto na inakulinda na wewe. Chooni hivyo hivyo, kama anahitaji msaada mzazi ajue kwa jina ni nani anamsaidia na mwalimu mwingine ajue mmetoka.

Angalia miguu yake kabla ya mkono. Miguu ikining'inia mwili wote unakuwa kwenye kazi ya kutoanguka, mkono hauwezi kuandika. Weka tofali chini ya miguu, mbili kama ni mfupi. Penseli izungushie kipande cha tyubu ya baiskeli inenepe na isiteleze. Karatasi ibandike mezani na selotepu kama mkono wa pili hauwezi kuishikilia. Hayo matatu hayana hata elfu mbili na yalimsaidia Bosi kuliko maneno yangu yote.

Wewe kaa pembeni yake, nusu hatua nyuma. Ukikaa mbele akiinua macho anakuona wewe, na kila akikwama anakutazama usoni akisoma kama amepatia. Ukiwa nyuma kidogo akiinua macho anaona ubao na mwalimu wake.

Muda anza na mdogo wa kukuaibisha. Mimi naanza dakika saba, anainuka, anakunywa maji, anazunguka mti, tunarudi. Malizeni akiwa bado anaweza, usingoje mpaka achoke, mtoto aliyemaliza kwa kushinda kesho anarudi kukaa. Na kama shule yenu ni bati bila dari mvua ikinyesha usibishane nayo, hasikii na wewe husikiki, toa picha au vizibo vya kuhesabu mfanye kimya kimya.

Mwoneshe siku yake ilivyo. Chukua kipande cha boksi, bandika vipicha vinne vitano, parade, kusoma, uji, kuhesabu, nyumbani, kila kikiisha anakigeuza mwenyewe. Kwa mtoto mwenye usonji hiki kipande cha boksi ni dawa kabisa. Na kitu kikibadilika mwambie mapema kabla hajakikuta, toa kile kipicha mbele ya macho yake. Siku kuni zilipolowa uji ukakosekana nilisahau kutoa kipicha cha uji, tulilia mimi na yeye.

Kama vipicha vingi vinamchanganya weka viwili tu, kwanza na halafu. Kwanza silabi tatu, halafu kile anachokipenda. Na anachokipenda kisiwe pipi jamani, mana pipi zikiisha na masomo yameisha. Bosi alikuwa anapenda funguo. Yani funguo tu. Nikamwomba mwalimu wa stoo, tukakubaliana kila akimaliza kazi yake anafunga lile kufuli kubwa la stoo na kulifungua mara moja, kwa ule mkono wa kulia. Sikuwaza mazoezi ya mkono wakati huo, nilitaka tu akae kitini, ila baada ya miezi vidole vilikuwa vinakunjuka vizuri zaidi.

Kungoja, ambako ndo kazi yenyewe

Umeuliza kitu. Sasa hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Taratibu. Wengi tunafika tatu tu tunaongeza neno, mana ukimya unatutia aibu sisi watu wazima, hasa kuna mwalimu mwingine anaangalia. Ila yeye hizo sekunde tatu bado analisikiliza swali, ya nne anatafuta jibu, ya sita anatafuta mdomo wa kulisema, wewe ya tano umeshauliza tena kwa maneno mengine, kwake hilo ni swali jipya, anaacha la kwanza anaanza upya. Alafu tunasema ni mzito. Kama huwezi kunyamaza kalia mikono yako na ung'ate ulimi, mimi hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Ukifika kumi na hamna kitu, panda ngazi moja tu. Tazama kile kitu kwa macho. Bado? Onyesha kwa kidole. Bado? Sema neno moja, sio sentensi. Bado? Fanya wewe kwenye karatasi yako pembeni aone, alafu rudisha zamu kwake. Bado? Mguse kiwiko mkono uanze kwenda. Kumshika mkono ni ngazi ya mwisho kabisa, na hata ukimshika shika kifundo cha mkono usishike vidole, kesho shika kiwiko, keshokutwa gusa bega tu, mtondo usiguse. Kila siku andika ulifika ngazi ya ngapi. Hizo ndo alama zake za mtihani, achana na vema.

Ila isiwe sheria ya kukufunga macho. Kitu kipya kabisa, au chenye hatari kama mkasi, au mtoto ambaye akikosea mara moja tu siku imekwisha anachana daftari, huyo anza naye juu na msaada mkubwa apatie, alafu ushuke haraka. Kosa langu mimi kwa Bosi halikuwa kuanza na mkono, ni kwamba sikushuka.

Nilivyorudi msibani tukaanza upya. Nikampa penseli yenye tyubu, nikakaa nyuma, nikanyamaza. Akanyoosha mkono hewani, ukangoja. Nikaangalia pembeni. Ukangoja tena, alafu akageuka akanitazama vile bosi anamtazama mfanyakazi aliyechelewa. Nikaiangalia karatasi. Siku ya kwanza hakuandika, ya pili hakuandika, ya tatu alichora kitu kama yai limepasuka upande na kamkia kanaelekea chini. Ilikuwa a. Niliikata ile karatasi nikaiweka kwenye pochi yangu, ipo mpaka leo.

Mama yake alivyoona daftari akaja shuleni amekasirika, mwalimu mtoto amerudi nyuma, muhula uliopita alikuwa anaandika vizuri. Ikabidi nimwambie ukweli mbele ya mwalimu mkuu kwamba yale yalikuwa yangu. Sikufukuzwa ila mama hakunisalimia kama wiki tatu. Kwahiyo ushauri, mwambie mzazi mapema kwamba daftari litakuwa baya kwanza, na muoneshe mtoto akiandika yeye mwenyewe, asione karatasi tu.

Vitu vyenye hatua nyingi, kufunga zipu ya begi, kuvaa sweta, kufunga mkanda wa sandali, fundisha kuanzia mwisho. Zipu ivute wewe mpaka ibaki kipande cha kidole kimoja, amalizie yeye, yeye ndo amefunga begi. Wiki ijayo acha nusu. Alafu robo tatu. Ukianzia mwanzo anahangaika, anachoka, unamalizia wewe, kila siku anajifunza kwamba mambo yanamaliziwaga na mtu mwingine.

Kusoma na kuhesabu

Kiswahili kimetuhurumia, a ni a popote ilipo, hamna herufi inayobadilika sauti kisa imekaa pabaya. Irabu tano, alafu konsonanti moja moja, ma me mi mo mu, umemaliza. Kinachoharibu mara nyingi ni nyumbani wanamwimbisha "ei, bii, sii" ya kwenye tivii, huku shuleni ni sauti, anakuja anasoma "bii-ei" ukimwambia ni ba anakushangaa. Ongea na nyumbani wachague kimoja, na mtaala wetu wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) unataka sauti.

Usifundishe b na d pamoja, hata wiki moja usizikaribishe. Na ndo ujinga wetu, maneno tunayoyakimbilia ni baba na dada, ambayo kwa jicho la mtoto ni neno moja limegeuzwa kwenye kioo. Anza mama, tata, kaka, lala, alafu ndo ulete baba, ikakae mpaka imeganda, d ije muhula mwingine. Hizi za mb, nd, ny, ng', dh, gh ziwe za mwisho kabisa. Na kama kwao wanaongea l na r moja, akisoma "kurara" ameelewa, msahihishe kwa kulisema wewe vizuri na uendelee, sio ugomvi wa leo.

Kwa watoto wenye Down mimi silabi sianzi nazo. Wengi wanashika kwa macho vizuri kuliko kwa masikio, kwahiyo naandika kadi za maneno mazima anayoyaishi, jina lake, jina la dada yake, uji, mpira, mbwa wao, kwanza anafananisha kadi na kadi, alafu ananipa ninayoitaja, alafu anaitaja yeye. Akishakuwa na maneno kama kumi na tano ndo tunayakata silabi tuone mna nini ndani.

Kuandika kusianze na penseli. Sinia la unga au mchanga mkavu, kidole, herufi kubwa, ikikosewa unatikisa sinia hamna kosa lililobaki. Watoto wanaochana daftari wakikosea wanalipenda sinia kwasababu hiyo.

Kuhesabu omba trei la mayai dukani, lile la thelathini, kata safu mbili za tano tano upate vishimo kumi. Vizibo vya soda ndani yake. Saba anaiona, tano zimejaa na mbili, hahitaji kuanza moja kila mara. Mtoto mwenye mkono unaokaza mpe vizibo, maharage yatamkimbia. Na kama bado anaweka vitu mdomoni basi hata vizibo acha, tumia viazi vidogo au vipande vya magunzi vinavyojaa mkono.

Akilipuka

Maneno yapungue, sauti ishuke, wengine watolewe yeye abaki kuliko kumburuta yeye. Usihukumu, usiulize kwanini umefanya hivi, hata wewe ukiwa umepandwa hujui kwanini. Kaa karibu usimzibie mlango, ngoja. Ikipita mpe maji, na kazi ndogo anayoiweza ili asijifunze kwamba kelele inafuta somo.

Jioni sasa chora mistari mitatu kwenye kadaftari, kabla kulikuwa na nini, alifanya nini, baada yake alipata nini. Fanya wiki mbili kabla ya kusema mtoto ana hasira bila sababu. Nilikuwa na mmoja anang'ata. Kila siku. Nilivyoandika ndo nikaona ni saa nne kasoro kidogo tu, mpaka mwenzangu akacheka akasema si kengele hiyo, mana kengele yetu ni rimu ya gari imening'inizwa nje ya dirisha letu na anayepiga anapiga kwa nondo kama ana deni nayo. Mtoto alikuwa anaing'oja kwa hofu tangu saa tatu. Tukamwomba mwalimu wa zamu, mtoto akawa anatoka na mimi dakika moja kabla, anapiga yeye. Mara ya kwanza alipiga moja akakimbia. Baada ya mwezi shule ikawa inachelewa kurudi darasani kwasababu haachi kupiga.

Kuhusu fimbo sina maneno mengi. Mtoto ambaye hajui alichokosea ukimpiga anajifunza kukuogopa wewe basi. Waambie walimu wengine mapema, mana kuna wanaopita na fimbo kwa mazoea tu.

Kifafa ujue kabla hakijatokea, wengi wa hawa watoto wanacho. Akianguka angalia saa. Sogeza madawati, weka sweta chini ya kichwa, legeza kola, mgeuze alale ubavu. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole wala kitambaa mdomoni. Ikipita dakika 5 au ikaja nyingine kabla hajazinduka, hospitali. Akiamka atakuwa amechoka au amejikojolea, mfunike, watoto wengine watolewe. Na uwaambie siku hiyo hiyo kwamba hakiambukizi, sio kwa mate wala kwa ushuzi, mana hayo ndo wanayoambiwa nyumbani. Kuna na kile cha kuzubaa sekunde chache tu, macho yamesimama, alafu anaendelea kama hamna kitu, hicho walimu wanakiita kutokusikiliza. Ukikiona mara nyingi hesabu kwa siku ni mara ngapi umpe mzazi apeleke kliniki hiyo karatasi.

Wenzake, mwalimu, mzazi

Wenzake wanaomwita zezeta wapo, ila hao ni rahisi. Wagumu ni wale wasichana wawili wa dawati la mbele wenye huruma, wanambebea begi, wanamnyweshea uji, wanamjibia maswali. Wape kazi nyingine, wacheze naye, wamngoje kwenye foleni, wabishane naye.

Mwalimu wa darasa usimwachie akuambie "mtoto wako". Ni wake, yuko kwenye rejista yake, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inampa haki ya kusoma humo humo na wenzake. Omba dakika mbili kila asubuhi, mwalimu leo unafundisha nini, ili na yeye afanye hicho hicho kwa kiasi chake, darasa likihesabu mpaka hamsini yeye ahesabu mpaka tano ila kipindi ni kile kile. Na mwombe amuulize swali moja kila siku mbele ya wote, swali analoliweza, na angoje hizo kumi. Darasa la watoto tisini limekaa kimya kumngoja mtoto mmoja, ni kitu cha kuona.

Mzazi mwandikie mstari mmoja kila siku, cha leo alichofanya mwenyewe. Ana miaka anaambiwa asichoweza, kuanzia kliniki mpaka kwa mashemeji. Baba asipokuja usimseme, andika tu kwenye kadaftari, wengi wanasoma usiku.

Mwisho hela, mana hamna anayeisema. Kama mzazi ndo anakulipa, ukifanya kazi vizuri unajifukuza. Nimeona watu wazuri kabisa wanamshikilia mtoto miaka minne, mtoto ameshaweza, na wao wamekaa tu pembeni wanachonga penseli, na siwalaumu, kodi ipo. Malizeni hilo siku ya kwanza, mwandikiane kabisa, akifika hapa unakuja siku tatu, akifika pale siku moja, malipo yanashuka vipi, na mzazi akutafutie mtoto mwingine kwa rafiki zake, wanajuana hao. Mimi na mama Bosi tulikubaliana hivyo tulivyoanza kusalimiana tena. Yuko la tatu sasa, naenda Jumatano tu. Nakaa kwenye benchi nje, namwona dirishani kwa nyuma. Wiki iliyopita alitoka mapumziko akanikuta, akanitazama, akaniuliza mwalimu wewe leo huna kazi?